Ndege Gani?

Uhakiki wa mandhari katika maandishi yetu vijana, pamoja na ombi moja kuhusu daftari

Ndugu msomaji, naomba nianze kwa kukiri kosa. Mhakiki anayefungua mdomo kwa makosa ya wenzake huku lake amelifunika, huyo mimi simwamini.

Mwaka jana mwezi wa nane nilitoka Katoro, Geita, ninakofanya kazi ya ukarani kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu, nikaenda kumwona bibi yangu mzaa baba huko Shinyanga vijijini. Mkobani nilikuwa na sura ya kwanza ya riwaya yangu, kurasa kumi na nane za mkono, nimezinakili upya mara tatu. Jioni bibi alikuwa uani anakata viazi vya michembe. Nikamwomba nimsomee. Akasema soma, masikio hayakati viazi.

Nikasoma. Jua lilikuwa likizama taratibu, ndege wakiimba nyimbo tamu, upepo mwanana ukivuma katika msitu mnene, na kijana mmoja akitembea peke yake kuelekea kijijini. Bibi akaweka kisu chini.

"Ndege gani?"

"Ndege tu, bibi."

"Hapo ni mwezi gani?"

Nikamwambia mwezi wa tisa, maana mbele katika hadithi chakula kinaisha ghalani.

"Mwezi wa tisa, jioni. Anayepiga kelele saa hiyo ni kanga akipanda mtini kulala, na ile si nyimbo. Msitu mnene uko wapi? Na upepo wa mwezi wa tisa unaujua, unamwaga mchanga kwenye ugali. Sasa huyo kijana wako, mjukuu wangu, anatembea nchi gani?"

Hadithi yangu inatokea kijijini kwake, mwendo wa robo saa kutoka pale alipokuwa ameketi. Sikuendelea kusoma. Nilikunja karatasi, nikachukua kisu cha pili, nikakata viazi.

Mandhari ya mstari mmoja

Niliporudi Katoro nilichukua hadithi zote zilizosomwa katika chama chetu cha waandishi chipukizi tangu tuanze, nikazipitia upya na swali la bibi. Jamani, tumekwisha! Karibu zote zina jua linalozama, ndege wasio na jina, mti usio na jina, maua yanayonukia mwaka mzima. Mwenzetu mmoja ana mhusika anayejificha nyuma ya mti wa mvinje katikati ya mbuga ya Shinyanga. Nilipomuuliza mvinje ameuona wapi, akasema aliusoma kwenye riwaya ya Unguja. Mwingine amejaza umande na ukungu Kahama mwezi wa kumi, wakati kila mmoja wetu anajua mwezi wa kumi Kahama kuna vumbi na joto la kuchemsha ubongo.

Hii tunaiita fani. Tena tunasifiana: "Mwandishi ana lugha tamu." La hasha! Hiyo ni lugha ya kukopa, na deni lake linaonekana.

Nadiriki kusema ugonjwa huu tumeupata darasani, na hapa sisemi shule ya mtu, nasema mtindo wetu sote. Unakumbuka tulivyofundishwa kuhakiki? Dhamira, ujumbe, falsafa, migogoro, hizo zilikuwa na kurasa. Kisha fani: muundo, mtindo, wahusika, matumizi ya lugha, na mwisho kabisa mandhari. Na jibu la mandhari lilikuwa mstari mmoja ambao ukiukariri unatosha kwa vitabu vyote: "Mwandishi ametumia mandhari ya kijijini na mjini." Alama imepatikana, twende mbele. Mtu aliyejifunza kusoma mahali kwa mstari mmoja ataandikaje mahali kwa zaidi ya mstari mmoja?

Mzee wa Ukerewe

Lakini hatuna kisingizio. Mfano tunao, tena wa kanda yetu hii ya Ziwa.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 Ukerewe. Mwaka 1945, akiwa na umri wa karibu miaka hamsini, alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Myombekere na Bugonoka. Hakupata wa kuichapa kwa lugha hiyo. Hakuitupa. Uzeeni akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House wakaitoa. Mzee akafariki mwaka 1981, nakala za kitabu zikiwa hazijamfikia mkononi. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe, akatoa tafsiri yake ya Kiingereza, na dunia ikasikia.

Hadithi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mume na mke wanapendana, mtoto hajapatikana, ndugu wa mume wanamsema mke, wazazi wa mke wanamchukua binti yao, na mume inambidi atafute pombe ya ndizi ya kulipa ili arudishiwe mke wake. Mwandishi wa siku hizi angeimaliza kwa kurasa thelathini. Kitereza anakupeleka shambani, anakuonyesha ndizi zinavyoivishwa na zinavyokamuliwa, anakupeleka kwa waganga na dawa zao za miti na mizizi, anakupeleka ziwani. Ukifika mwisho umejua kwamba katika dunia ile mapenzi ya mtu yanapimwa kwa migomba aliyoitunza. Shamba lile si pazia lililotundikwa nyuma ya wahusika. Liondoe uone kama hadithi itasimama.

Wapo wanaolalamika kwamba kitabu kinachosha, kwamba mahali pengine mzee anawasimamisha wahusika wake ili atufundishe mila. Ni kweli, na mimi nilirukaruka kurasa mara ya kwanza. Lakini kosa la Kitereza ni la mtu mwenye vingi. Kosa letu sisi ni la mtu asiye na kitu anayejifanya ana vingi. Nipe la kwanza.

Sisemi kwamba Kitereza alikuwa na daftari la kuandika ndege kila siku. Sijui alihifadhi vipi. Ninachosema ni kwamba kitabu kile hakiwezi kuandikwa na mtu aliyeanza kutazama siku aliyoanza kuandika. Kutazama kulianza utotoni na hakukukoma uzeeni. Sisi tuliotolewa shambani tukapelekwa bweni, kisha bweni likatutapika mjini, hatukupata miaka hiyo. Kwa hiyo tunahitaji chombo cha kuziba pengo. Chombo hicho ni daftari.

Daftari lenyewe

Watu wa mbali wana jina na historia ya jambo hili. Padri mmoja wa kijiji cha Selborne, Uingereza, jina lake Gilbert White, aliandika kila mwaka, kuanzia 1768 hadi alipofariki mwaka 1793, ndege gani amefika, ua gani limechanua, mvua imenyesha kiasi gani. Henry David Thoreau wa Concord, Marekani, aliandika tarehe za maua kuchanua miaka ya 1850. Karibu miaka mia na hamsini baadaye wanasayansi wakalichukua daftari lake, wakatazama maua ya sehemu ile ile, wakakuta mengi yanachanua mapema kuliko alivyoandika yeye. Mtu alikuwa anaandika maua tu, kumbe anaandika ushahidi wa joto la dunia.

Utaniambia hao ni wazungu wenye nafasi. Haya, njoo nyumbani. Kule Gombe, Kigoma, utafiti wa sokwe ulioanzishwa na Jane Goodall mwaka 1960 umeendelea mpaka leo, na kwa miaka mingi wanaomfuata sokwe tangu anapotoka kwenye kiota chake mpaka anapolala ni Watanzania. Mwaka 1975, wanafunzi wa kigeni walipotekwa pale na wageni wakaondoka, Watanzania hao ndio waliobaki wakiandika. Na wanaandika kwa Kiswahili: saa fulani amekula tunda fulani, amekutana na nani, wamegombana, wamepatana. Mimi sikuwahi kusikia darasani mtu akiyataja maandishi yale kama maandishi ya Kiswahili. Tunatafuta riwaya ndefu, kumbe kuna watu wamejaza madaftari kwa miaka na miaka, na sisi wahakiki hatuna habari.

Mimi la kwangu ni kaunta buku ya kwaya mbili. Upande wa mbele ni kazi ya karasha: viroba vingapi vimeingia, vya nani, vimesagwa saa ngapi. Siku moja niliigeuza, nikaanza kuandika kwa nyuma. Tarehe, saa, nimeona nini, nimesikia nini. Sharti ni moja tu, hakuna neno "zuri" na hakuna neno "tamu". Siku za mwanzo niliona aibu. Nilikuwa na mistari miwili: "Kunguru wawili juu ya bati. Vumbi." Mwezi wa kumi na moja nikaandika siku kumbikumbi walipotoka baada ya mvua ya kwanza, na watoto waliowakimbiza na ndoo kwenye taa ya mwalo, pale mchanga wa dhahabu unapooshwa. Wiki moja baadaye korongo weupe walipita. Sikuwa najua kwamba hawa hutoka Ulaya wakikimbia baridi. Nilijua kwa sababu niliandika, na kwa sababu niliandika nikauliza.

Kijijini tuna la pili, na hilo ni la watu watatu. Bibi hajui kusoma, yeye anatamka. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, yuko darasa la tatu, yeye anachora. Mimi nikifika naandika. Bibi ana zaidi ya miaka sabini, mtoto ana tisa, mimi nina ishirini na nne. Mpingo bibi anauita mgembe, ukwaju anauita bushishi. Ile miti ya miiba ya kwenye udongo mweusi wa mbuga, yenye vinundu wanamokaa sisimizi na ambayo upepo ukivuma inapiga mbinja, anaiita malula. Ardhi yenyewe haiiti "ardhi": kuna luseni ya mchanga, kuna itogolo, kuna mbuga, na kila moja ina zao lake na majani yake. Mtoto alichora kinundu cha malula na sisimizi akitoka tunduni. Bibi akautazama mchoro akacheka: "Huyu ameona." Mimi hajawahi kuniambia hivyo.

Nani ameshika kalamu?

Hapa nisije nikakudanganya kwamba daftari ni kitu cha baraka tupu. Shinyanga inajua vinginevyo.

Miaka ya 1930 mji huu ulikuwa makao ya utafiti wa mbung'o Tanganyika, chini ya Charles Swynnerton. Pamoja naye alikuwepo mtaalamu wa mimea, B. D. Burtt, aliyeiandika miti ya nyika zetu kwa bidii kiasi kwamba kuna mmea uliopewa jina lake huko kwenye vitabu vya sayansi. Wote wawili walikufa katika ajali moja ya ndege mwaka 1938. Walikuwa watazamaji hodari, sikatai. Lakini pori lilitazamwa ili lijulikane namna ya kulifyeka, mbung'o apotee. Lilifyekwa, na baadaye pamba na ng'ombe wakaongezeka, kuni zikakatwa, mpaka sehemu kubwa ya Shinyanga ikabaki uwanda wa vumbi.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Cha ajabu ni kwamba dawa iliyofanya kazi haikutoka kwenye madaftari ya wataalamu. Ilitoka vichwani mwa wazee: ngitili. Unafunga eneo la malisho mvua zinapoanza, majani na miti vinapumzika, unalifungua wakati wa kiangazi ng'ombe wakiwa na njaa. Taarifa za mradi zilitaja hekta kama 600 tu za ngitili mwaka 1986. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000 katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule. Visiki vilikuwa bado hai ardhini, vinasubiri kuachwa.

Funzo ninalolipata kama mwandishi ni hili. Waliotuandika waliandika kwa lugha yao, kwa haja yao. Waliotuokoa hawakuandika, na sasa wanazikwa mmoja mmoja. Katikati hapo pana kiti kitupu, na ni cha kwetu.

Pingamizi la mwenzangu

Nilipoisoma makala hii chamani, mshikaji wangu mmoja alisimama kwa hasira. Alisema: "Watu wanafukiwa kwenye maduara Geita, watoto wanashika zebaki kwa mikono, wewe unatuambia tuandike kunguru? Hiyo ni fasihi ya walioshiba." Wengi walipiga makofi, na mimi nusura nipige.

Nimjibu hapa, kwa sababu pale sikuweza.

Kaka yangu ni mchimbaji. Anashuka kwenye duara ambalo kuta zake zimeshikiliwa na matimba, magogo yanayopangwa ili udongo usidondoke. Babu alipofariki, baba mdogo aliuza miti ya ngitili yetu. Lori lilikuja usiku mara tatu. Sijui kama gogo hata moja lilifika kwenye duara la kaka yangu, lakini lilifika kwenye duara la kaka wa mtu. Sasa nambie, ndugu yangu, hapo mazingira yako wapi na maisha ya watu yako wapi? Utayatenganishaje? Ule mti ndio unaomzuia kaka yangu asizikwe hai. Ule ule ukikatwa, bibi anakosa kuni, ng'ombe wanakosa kivuli, na chemchemi ya bondeni siioni itabaki ya nani. Siwezi kulilaani shoka, na siwezi kulisifu. Ninachoweza ni kuandika ni miti gani, mingapi, na lini.

Na zebaki je? Mwandishi anayetaka kuishtaki zebaki lazima kwanza aitazame: inavyoviringika kwenye beseni, inavyoshika dhahabu, inavyochomwa kwenye kikaango huku mchomaji amegeuza uso pembeni. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata unaohusu zebaki, na Minamata yenyewe ni mji wa Japani ambako wavuvi waliona paka wakirukaruka kama wana wazimu kabla madaktari hawajajua kinachowaua watu. Paka, ndugu yangu! Mtu aliyewatazama paka alikuwa mbele ya hospitali. Hiyo ndiyo fasihi ya walioshiba?

Lakini nampa haki yake kwa jambo moja. Daftari linaweza kuwa mahali pa kujificha. Kuna wiki nimeandika mawingu siku sita mfululizo kwa sababu sikutaka kuandika kwamba duara la jirani liliporomoka na waliotolewa walikuwa wawili. Siku ya saba nikaandika. Naapa sitarudia.

Ombi

Sasa basi, wenzangu. Siwaombi mwache dhamira nzito. Nawaomba mambo matatu mepesi. Mkutano ujao kila mtu aje na daftari lenye siku kumi, si hadithi. Kila mwenye bibi, babu, au mzee wa jirani amuulize majina ya miti mitano ya alikozaliwa, ayaandike kwa lugha ya mzee huyo bila aibu, halafu atafute Kiswahili chake. Na kila mwenye mdogo wake nyumbani ampe penseli achore, maana wao hawajajifunza bado kuona "ndege tu".

Na sisi wahakiki, tuache kumpongeza mtu kwa jua lililozama. Tumuulize limezama nyuma ya nini.

Mimi mwezi wa kumi na mbili nilirudi kwa bibi. Tulikwenda watatu kwenye ngitili ile, tukahesabu visiki. Vilikuwa arobaini na mbili. Bibi alivitambua vingi kwa gamba. Vingine alikwangua kwa ukucha akanusa. Mtoto alichora, mimi niliandika. Visiki kumi na tisa vilikuwa vimeanza kuchipua baada ya mvua.

Jioni nikamsomea sura ya kwanza upya. Sasa kijana anatembea mwezi wa tisa kwenye mbuga iliyopasuka, malula inapiga mbinja, kanga wanagombania tawi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho bila kuweka kisu chini.

"Nchi sasa naijua," akasema. "Ila huyo kijana amepita karibu na kisima, na hakunywa maji. Kwa nini?"

Sijui, bibi. Nimeanza kuandika upya.